Mtoto Mgonjwa Akiwa Darasani, Ni wa Nani?

MUUGUZI (msimamizi wa kituo cha afya, Butembo, mashariki mwa DRC): Nianze na jambo linaloniuma kila wiki. Mtoto mwenye selimundu, ule ugonjwa ambao hapa kwetu kila mtu anauita SS, analetwa kituoni saa saba mchana akiwa amekakamaa kwa maumivu. Namuuliza mama yake yalianza lini. Ananijibu: asubuhi, mstarini, wakati wa kusalimu bendera. Basi tangu saa moja na nusu mtoto huyo alikuwa shuleni, mbele ya watu wazima waliosoma, na hakuna hata mmoja aliyetambua anachokiona. Ninachodai ni hiki: shule na kituo cha afya wagawane malezi ya mtoto huyu. Mwalimu ajue ugonjwa wake, shule iwe na fishi yake ya afya na kisanduku cha dawa, na mimi nitawafundisha walimu namna ya kuzitoa.

DIREKTA (shule ya msingi, Butembo): Mama Muuguzi, tunaheshimiana, kwa hiyo nitakujibu bila kuzunguka. Sikubali. Elimu ya msingi ilipofanywa bure, Septemba 2019, watoto walimiminika, nasi tulifurahi, maana wengi walikuwa wamekaa nyumbani kwa kukosa minervali, ada ya shule. Lakini vyumba vya madarasa havikuongezeka kwa kasi hiyo, wala walimu. Nina mwalimu mmoja mbele ya watoto zaidi ya themanini. Nina walimu wa NU, wale ambao serikali haijawaingiza bado kwenye orodha ya mishahara. Wanafundisha asubuhi na mchana wanakwenda kutafuta chakula. Hao ndio unaotaka niwaongezee uuguzi? Mwalimu akikosea kipimo cha dawa, mtoto akafia mikononi mwake, ukoo ukijaa uwanjani, watakuuliza wewe au wataniuliza mimi?

MUUGUZI: Na akifia mikononi mwa mwalimu ambaye hakumpa kitu chochote, Papa Direkta, ukoo hautakuja?

DIREKTA: Utakuja. Lakini siku hiyo nitakuwa na la kusema: sisi si waganga. Nikishapokea dawa zako, neno hilo sina tena.

MWALIMU (mwaka wa tano, Beni): Direkta, kwa heshima. Walimu wa upande huu tulifanywa waganga zamani, na hakuna aliyetuomba ruhusa. Ebola ilitangazwa Mangina, karibu na Beni, tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Katika miezi yote hiyo nani alisimama mlangoni pa shule kupima joto la watoto? Nani alisimamia unawaji wa mikono, akaeleza dalili ubaoni, akamtenga mtoto mwenye homa bila kumtia aibu? Watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafariki, na katikati ya hofu ile bado tulifundisha kugawanya na kuzidisha. Tuliweza kwa ugonjwa unaoambukiza. Kwa nini tushindwe na ugonjwa ambao mtoto hawezi kumpa mwenzake?

DIREKTA: Tuliweza kwa sababu nyuma yetu kulikuwa na fedha. Sabuni zililetwa, ndoo zililetwa, semina zililipiwa. Riposte, kikosi kile cha kupambana na Ebola, ilipofunga mizigo, nani aliendelea kuleta sabuni? Umeona mwenyewe ndoo zile siku hizi: bomba limevunjika, kifuniko kimepotea. Mwalimu mdogo wangu, mimi niko kazini tangu kabla ya vita vyote hivi unavyovijua. Kila semina ya ushirikiano niliyoalikwa iliniachia kazi mpya, na hakuna hata moja iliyoniachia mtu wa kuifanya.

MZAZI (mama wa mtoto mwenye SS, Butembo): Nimewasikiliza. Mnagombania mtoto kama vile hana mama. Hakuna aliyeuliza kama mimi ninataka mwalimu ajue.

MUUGUZI: Asipojua, Mama, atamsaidiaje?

MZAZI: Nitakuambia kwa nini tunaficha, wala si mimi peke yangu. SS ni neno linalovunja nyumba. Siku lilipotajwa kwetu, ndugu za mume walisema mwanamke ameingiza damu mbaya katika ukoo. Huyo mtoto ana dada zake, na kesho watachumbiwa. Mwalimu akijua, darasa litajua. Darasa likijua, soko litajua. Halafu mnasema fishi ibaki shuleni! Tulipitia orodha za Ebola sisi. Jina lako likiandikwa kwamba ulikutana na mgonjwa, siku 21 watu wanakuja mlangoni pako na gari, jirani anachungulia, watoto wa jirani wanakatazwa kucheza na wako. Tangu hapo karatasi yenye jina la mwanangu inanitisha kuliko sindano.

MUUGUZI: Hilo la damu mbaya siwezi kuliacha lipite. Mwanamke hawezi kumpa mtoto SS peke yake, haiwezekani. Mtoto anapata nusu kwa baba na nusu kwa mama. Mara nyingi wazazi wote wawili ni AS, yaani kila mmoja anabeba nusu moja tu, wazima kabisa, hawajui wanachobeba. Wala si jambo la ukoo mmoja. Mwaka 1949 wataalamu wawili, Lehmann na Raper, walichapisha vipimo vya damu vya Uganda. Kwa Waamba wa Bundibugyo, ng'ambo tu ya mto Semuliki ukitoka upande wetu wa Beni, walikuta watu kama 45 katika kila 100 wanabeba urithi huo. Na sababu yake ni malaria: mwenye AS anakingwa kwa kiasi na malaria kali, kwa hiyo penye mbu wengi tangu zamani, urithi huo umeenea. Ni kinga iliyotugharimu watoto. Si aibu ya mtu.

MZAZI: Maneno mazuri. Mimi umenieleza mara nyingi, Mungu akubariki. Baba yake umemweleza lini?

MUUGUZI: Baba haji kituoni.

MZAZI: Haji. Na wengi hawaji. Wanaokaa kwenye mabenchi yenu ni akina mama. Lakini mkutano wa wazazi shuleni, ule wa COPA, baba anakuja, anavaa koti, anasimama anauliza maswali kuhusu matokeo ya mtihani. Ukitaka shule inisaidie, Mama Muuguzi, anzia hapo. Uje mbele ya wanaume useme hayo ya nusu kwa nusu, bila kutaja mtoto wa mtu. Siku hiyo mzigo utanipungua zaidi kuliko kisanduku chako.

DIREKTA: Hilo ninalikubali hata leo. Mkutano wa COPA upo, viti vipo, nafasi ya kuzungumza ipo. Elimu ndiyo kazi yangu. Dawa si kazi yangu.

MWANDISHI (anayeyaandika mazungumzo haya): Niwakatize. Riposte imetajwa hapa, na haipaswi kupita hivi hivi. Kura ya Desemba 2018 iliahirishwa Beni na Butembo hadi Machi 2019, na Ebola ikawa mojawapo ya sababu zilizotolewa. Machi ilipofika, rais alikuwa amekwisha kuapishwa. Watu walinawa mikono na kupimwa joto ili wapige kura, na kura yao haikuhesabiwa katika kumchagua rais. Februari 2019 vituo vya matibabu ya Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa vyote viwili ndani ya siku chache. Tarehe 19 Aprili mwaka huohuo Dkt. Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kameruni, aliuawa kwa risasi katika Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben, hapa Butembo. Hakuna hoja inayoweza kuhalalisha kifo chake. Lakini yeyote anayetaka kupeleka afya shuleni katika miji hii miwili anapita juu ya ardhi hiyo, na ni lazima aseme atapitaje. Mama Muuguzi, utaingiaje shuleni bila kuonekana kama Riposte imerudi?

MUUGUZI: Nitaingia kwa miguu yangu, bila gari, bila askari, bila fulana ya mradi. Mimi naishi hapa. Niliwazalisha baadhi ya hao wazazi wa COPA. Na sitaingia na jambo la haraka. Ebola ilitutaka tukimbie. SS, kisukari, kifafa na pumu zitakaa nasi miaka yote ya shule ya mtoto, kwa hiyo tuna muda wa kuzungumza. Tatizo ni kwamba kila tukizungumza, Papa Direkta anarudi kwenye dawa.

DIREKTA: Wewe ndiye uliyeanza na dawa.

MWALIMU: Tuziache dawa kidogo tuangalie asubuhi yenyewe. Nimefundisha Butembo kabla ya kwenda Beni. Mji uko juu ya mita 1,700, na asubuhi ukungu unakuwa bado umelala kwenye vilima. Watoto wamepangwa uwanjani, shati jeupe, sketi au suruali ya buluu. Aliyevaa sweta ya rangi nyingine anaambiwa aivue, si sare. Aliyechelewa anapiga magoti kwenye udongo wenye umande. Halafu darasani mtoto anaomba kwenda chooni, anakataliwa. Anaomba tena, anaitwa mkorofi. Mama Muuguzi, mweleze Direkta mambo hayo yanamfanyia nini mtoto wa SS.

MUUGUZI: Baridi inabana mishipa midogo. Chembe nyekundu za mtoto huyu zimepinda kama mundu na zinanasa humo, damu haipiti, mfupa unalia. Kukosa maji ni vilevile: damu inakuwa nzito, chembe zinanasa. Kwa hiyo tunamwambia anywe maji mengi, saa zote. Na figo zake zimeharibiwa na ugonjwa, haziwezi kubana mkojo kama zako. Anakunywa sana, anakojoa sana. Mwalimu akimkatalia choo, kesho mtoto hanywi maji, maana anaogopa kujikojolea mbele ya wenzake. Keshokutwa analala kwangu na dripu mkononi.

DIREKTA: Na yule wa kisukari?

MUUGUZI: Vilevile kwa choo na maji. Mara nyingi hiyo ndiyo dalili ya kwanza kabisa: mtoto aliyekuwa haombi ruhusa anaanza kuomba kila nusu saa, anakonda, anasinzia. Kama mwalimu angetuma habari nyumbani wiki hiyo, wangeokoka watoto ambao sasa tunawapokea wamekwisha kupoteza fahamu.

DIREKTA: Sasa sikia maneno yako mwenyewe. Maji. Choo. Sweta. Adhabu ya magoti. Kutuma habari nyumbani. Sijasikia kidonge hata kimoja. Nieleze, kati ya dawa hizo zote, ipi ni lazima itolewe shuleni saa nne asubuhi na mwalimu wangu?

MUUGUZI: Swali la haki. Asidi ya foliki, mara moja kwa siku, nyumbani. Penisilini ya mtoto mdogo, asubuhi na jioni, nyumbani. Haidroksiyurea kwa anayeipata, mara moja kwa siku, nyumbani. Fenobarbitali ya kifafa, usiku kabla ya kulala. Insulini, wengi wetu tunaitoa asubuhi kabla ya shule na jioni. Pampu ya pumu anaibeba mwenye pumu mwenyewe mfukoni. Ukiniuliza hivyo, kisanduku kinabaki na vitu viwili: parasetamoli na sukari.

DIREKTA: Sukari si dawa. Sukari hata mama wa mandazi getini anayo.

MUUGUZI: Basi nimeondoa kisanduku. Lakini siondoi maarifa, Papa Direkta, hapo hutanisogeza. Mtoto wa kisukari anayetetemeka, anayetokwa jasho, anayesema maneno yasiyoeleweka, apewe maji ya sukari papo hapo, halafu ndiyo muulize maswali. Mwenye kifafa akianguka, mlazeni ubavu, ondoeni mawe karibu yake, msimtie kijiko mdomoni, angalieni saa. Ikipita dakika tano, mleteni. Na povu lake haliambukizi. Nasema hivyo kwa sababu nimeona watoto wakifukuzwa shule kwa ajili ya povu. Mtoto wa SS akiwa na homa, au kifua kikimbana, au akapauka ghafla huku tumbo limejaa, au mkono na mguu wa upande mmoja vikilegea, asisubiri kengele ya kwenda nyumbani. Hayo yanafundishika kwa asubuhi moja.

MZAZI: Na wenzetu wa Kinshasa, haidroksiyurea hiyo wanapewa? Maana umesema kwa anayeipata.

MUUGUZI: Ilipimwa kwao, Mama, kwa watoto wetu wa Afrika. Watoto 606 wa Kinshasa, Kilifi, Mbale na Luanda, matokeo yakatoka mwishoni mwa 2018. Maumivu makali yalipungua zaidi ya nusu, malaria ilipungua karibu nusu, vifo vikapungua. Hakuna tena ubishi kama inafaa. Ubishi ni nani anunue. Agosti 2022 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Lomé wakapitisha mpango wa PEN-Plus, kwamba SS, kisukari cha watoto na ugonjwa wa valvu za moyo vitibiwe kwenye hospitali za wilaya, watu wasisafirishwe hadi mji mkuu. Ninaunga mkono kila mstari. Lakini kutoka karatasi ya Lomé hadi rafu ya duka la dawa hapa Butembo ni safari, na tangu Goma ichukuliwe Januari 2025 na uwanja wake wa ndege kufungwa, tunategemea zaidi mizigo inayoingia kupitia Kasindi, mpakani na Uganda.

MZAZI: Basi msiniahidi dawa ambayo hamna. Hilo nalo tulilizoea. Wakati wa Ebola matibabu yalikuwa bure katika baadhi ya zoni za afya, mtoto aliugua malaria akatibiwa bila kulipa. Ebola ikaisha, ubure ukaisha, ugonjwa wa mwanangu ukabaki.

MWALIMU: Kuna watoto ambao hamjawagusa. Beni tunapokea waliokimbia. Tangu Oktoba 2014 watu wanauawa vijijini, Oicha, Eringeti, Mbau, barabara ya Kasindi. Mtoto anaingia darasani kwangu katikati ya muhula, hana daftari, hana hata kiatu. Mama yake hajafika kituo chochote cha afya, anahangaika na pa kulala. Mtu wa kwanza anayemwandika jina mtoto huyo ni mimi. Kama ana kifafa na dawa imekatika siku kumi, nitajuaje? Mama anasema fishi ikae nyumbani. Nyumba ikichomwa?

MZAZI: Shule haichomwi?

MWALIMU: Inachomwa. Na vituo vya afya vimechomwa. Ndiyo maana nataka habari iwe mahali pawili, ikiwezekana patatu.

MZAZI: Na kila mahali unapoongeza, unaongeza mtu anayejua. Mwanangu Mwalimu, wewe unafikiria mtoto anayekimbia. Mimi namfikiria anayebaki, aliyekaa mtaa uleule miaka kumi, ambaye kila mtu anajua jina la babu yake.

MUUGUZI: Nchi hii imekwisha kukutana na swali hilo kwa VVU. Sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda siri ya mwenye VVU na inakataza kumbagua, pamoja na shuleni. Na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inampa kila mtoto haki ya kutibiwa na haki ya kusoma, haikusema achague moja. Sioni kwa nini siri ya mtoto wa SS iheshimiwe kidogo kuliko hiyo.

MWALIMU: Wenye VVU wametufundisha jambo jingine pia. Kinshasa, tangu 2010, kuna vituo vinaitwa PODI. Mgonjwa aliyetulia hasimami foleni hospitalini. Anachukua dawa zake za miezi mitatu kwa watu wa mtaani, nao pia wanaishi na VVU. Daktari anamwona mara chache. Kazi imegawanywa, na anayeishika ni yule anayeujua ugonjwa mwilini mwake.

MZAZI: Hiyo naitaka! Nipeni akina mama wenzangu wenye watoto wa SS, tukutane, mmoja wetu afundishwe vizuri na Mama Muuguzi. Huyo akija shuleni, haji kama mganga, anakuja kama mama. Wala hatabagua nani wa kwake.

DIREKTA: Na saa ile mtoto ameanguka, wewe uko sokoni, mama mwenzako yuko shambani, kituo kiko upande wa pili wa mji, pikipiki inalipwa na nani? Serikali imenikatazia kuchukua hata franga moja kwa mzazi. Nikichangisha, nitaandikiwa barua. Nisipochangisha, mtoto anakaa chini ya mwembe akilia. Hilo la pikipiki mimi naliona gumu kuliko yote mliyosema, na hakuna kitabu kinacholijibu. Mwaka 2021 mashirika ya Umoja wa Mataifa, la afya na la elimu, yalitoa vigezo vinane vya shule inayokuza afya. Ni vizuri. Havikuniambia nani atampa pesa mwenye pikipiki.

MZAZI: AVEC. Karibu kila mama hapa yuko kwenye kikundi cha kuweka akiba, na kila kikundi kina mfuko wa msaada, wa msiba na wa ugonjwa. Mfuko huo hauko chini ya shule, hutaandikiwa barua. Mwenye pikipiki wa getini anatujua. Ambebe mtoto, jioni tunamlipa. Hilo tunaliweza sisi kwa sisi.

DIREKTA: Mkikosa siku moja, atakataa siku ya pili.

MZAZI: Hatukosi. Tunaweka akiba kila wiki hata risasi zikilia.

MWALIMU: Bado mimi sijaridhika. Mmeokoa mtoto ambaye mama yake amesema. Yule ambaye mama yake amenyamaza kwa hofu, na ndio wengi, mnamfanyia nini?

MZAZI: Nilikuwa nangoja mtu aulize. Huyo hahitaji mnijue mimi. Direkta, toa amri moja ya shule nzima: maji darasani kwa kila mtoto, na anayetaka choo aende, bila swali. Sweta ya rangi yoyote siku ya baridi. Hakuna kupiga magoti kwenye umande, hakuna kumkimbiza mtoto uwanjani kwa adhabu. Aliyekosa shule siku tatu asifukuzwe kabla mtu hajauliza nyumbani kuna nini. Mkiwafanyia wote, mwanangu amo humo, na hakuna atakayejua kwamba amri ile ilikuwa yake.

DIREKTA: Choo cha watoto zaidi ya themanini bila swali... Walimu watasema darasa litageuka soko.

MWALIMU: Watasema. Mimi nilisema hivyo. Wiki ya kwanza watatoka hovyo, wiki ya tatu watazoea.

DIREKTA: Viboko nilikwisha kuvikataza. Magoti nitayaondoa, na sweta nitairuhusu. Hilo la sweta linaniuma, maana ni mimi niliyeisimamia sare. Maji, nileteeni njia, maana shule yangu inachota mbali. Nitampa Mama Muuguzi nusu saa katika mkutano wa kwanza wa COPA na asubuhi moja na walimu kabla ya Septemba. Lakini sitaweka fishi ofisini na sitasaini karatasi inayosema mwalimu wangu ni muuguzi.

MUUGUZI: Mimi bado naamini kwamba siku moja shule itahitaji kujua majina, Papa Direkta. Bweni, kwa mfano: mtoto wa kisukari anayelala shuleni hana mama wa kumchoma insulini asubuhi. Na usiniambie habari ya friji. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliotoka 2021, ulipima insulini katika joto kama la kambi ya Dadaab, kati ya nyuzi 25 na 37, na chupa iliyofunguliwa ilidumu wiki nne bila kupoteza nguvu. Butembo hatufiki joto hilo. Kwa bweni sitakuachia.

DIREKTA: Shule yangu haina bweni. Walete wenye mabweni hapa, waseme wenyewe.

MZAZI: Nawaomba wenye mabweni waje. Na nawaomba baba zetu. Mama mwenye mtoto wa SS, wa kifafa, wa kisukari, hahitaji kutoa siri yake kwa shule nzima. Achague mtu mmoja pale shuleni, mwalimu au hata mlinzi wa geti, amwambie dalili tatu na namba ya simu, daftari alibebe mwenyewe. Lakini baba, wewe nakuomba jambo moja tu. Septemba, mkutano wa kwanza wa COPA ukiitishwa, usimtume mkeo. Uje wewe, ukae mpaka Mama Muuguzi amalize kuzungumza, halafu twende wote wawili kituoni tukapimwe damu.